Dumu la Maji na Nyonga za Fundi Cherehani: Mafunzo Niliyopata Niboye

Ilikuwa jioni ya Februari 2024, pale Sonatubes, Kigali, mvua inatishia. Motari, dereva wa bodaboda, akanipa helmeti, nikaivaa, nikamshika bega, nikainua mguu wa kulia nivuke kiti cha pikipiki. Mguu ukagota kwenye kiti ukarudi chini. Nikajaribu tena, ukagota tena. Mara ya tatu niliishika suruali kwa mkono nikaunyanyua mguu wangu mwenyewe kama mtu anayepandisha jora la kitambaa mezani. Motari, kijana wa miaka ishirini na ushei, muda wote alikuwa ametazama mbele kwa heshima. "Buhoro buhoro, mzee," akasema. Taratibu, mzee. Nilikuwa na miaka 47, na kwa sauti ile sikuwahi kuitwa mzee.

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa Tanga, nikaja Kigali mwaka 2012 kufuata kazi ya kushona sare za shule, na tangu hapo nakaa Niboye, moja ya sekta 10 za wilaya ya Kicukiro. Kazi ya fundi ni kukaa. Naanza saa 2 asubuhi, mguu kwenye pedeli, mabega yameinamia sindano, na msimu wa harusi nainuka saa 1 usiku. Nyumbani nilikuwa nimekwishaanza kuswalia kwenye kiti cha plastiki, maana kukaa tahiyatu kulinitoa jasho. Nilijiambia ni umri. Haya ndiyo niliyojifunza tangu jioni ile, mengine kwa kuelekezwa, mengine kwa kuumia.

1. Kukakamaa kwangu kulikuwa udhaifu

Jambo la kwanza nililofanya ni lile wanalofanya wote: kujinyoosha. Miezi minne, kila asubuhi, nikivuta paja, nikivuta kinena, nikihesabu hadi 30. Baada ya kuvuta nilijisikia mwepesi kwa nusu saa, kisha mwili ukarudi ulikokuwa, kama lastiki ya kiunoni iliyovutwa na kuachiwa.

Jirani yangu mmoja, dada anayefanya kazi ya tiba ya viungo, alikuja kuchukua gauni lake akanikuta nimeshika ukuta nikivuta paja. Akaniuliza navuta nini. Nikamweleza habari ya pikipiki. Akaniambia nilale chali kwenye mkeka, pale pale katikati ya mabaki ya vitambaa. "Fundi, nyoosha goti, inua mguu." Nikainua. Ukafika kiasi cha urefu wa meza yangu ya kukatia, ukaanza kutetemeka, ukagoma. Kisha yeye akaushika kisigino akaupandisha taratibu. Ukapanda, ukaipita meza, ukaendelea kupanda mpaka nikashangaa kwamba ni mguu wangu.

"Kumbe unafika," nikasema.

"Unafika nikiuinua mimi. Ukiuinua wewe haufiki. Hapo katikati ndipo penye kazi yako."

Sentensi hiyo ilinibadilishia hesabu yote. Urefu wa msuli nilikuwa nao. Nilichokosa ni nguvu ya kuufikisha mguu pale juu na kuushikilia, na mwili hauna haja ya kukuruhusu ukae mahali ambapo huwezi kujitoa. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na José Afonso wa Ureno walikusanya tafiti 11 zilizolinganisha mazoezi ya nguvu na kujinyoosha, na kwa upana wa mwendo wa viungo hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Yaani aliyebeba vitu kwa mwendo kamili alilainika sawa na aliyejivuta. Ila aliyebeba alibaki na nguvu mkononi kama nyongeza.

Sisemi kujinyoosha ni upuuzi. Nasema mimi nilikuwa nanyoosha kitu ambacho hakikuwa kifupi.

2. Jipime kama unavyompima mteja

Fundi hakati kitambaa kwa kukisia. Lakini mwili wangu nilikuwa naukisia kila siku: leo naona afadhali, leo naona vibaya. Dada akanifundisha kipimo cha kifundo cha mguu ambacho kinataka ukuta, chaki na futikamba tu. Weka mguu mtupu mbele ya ukuta, kisigino kimekaa chini, kisha peleka goti mbele liguse ukuta. Likigusa, rudisha mguu nyuma kidogo, jaribu tena, mpaka upate umbali wa mwisho ambao goti linagusa na kisigino hakijainuka. Pima kutoka kidole gumba hadi ukutani.

Mguu wa kulia nilipata sentimita 4, wa kushoto 5. Mtu asiye na shida hupata kama 10. Nikaelewa kwa nini nikichuchumaa navuka nusu tu kisha visigino vinapaa na mwili unataka kwenda chali: kifundo kisipokunja, goti haliendi mbele, na nyonga inabaki peke yake na kazi yote.

Nikaandika ukutani kwa chaki, kando ya vipimo vya wateja. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi napima, siku nyingine siruhusiwi. Mwezi wa kwanza haukuonyesha kitu. Wa pili, 5 na nusu. Wa nne, 7. Kwa macho nisingeona tofauti hiyo na ningeacha.

3. Maji ni mizani

Kabla ya kukutana na dada yule nilikwisha kuingia jimu moja mjini, ambayo sitaitaja. Kijana aliyenipokea alinipakia vyuma mabegani siku ya kwanza kana kwamba nina deni. Wiki ya pili mgongo ukakaza nikashindwa hata kuinama kuokota bobini. Nikakaa siku tano bila kushona, na fundi asiposhona hali.

Kwa hiyo dada aliposema tutumie dumu nilifurahi, kwanza kwa sababu dumu ninalo. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo dumu ni jiwe la mizani unaloliongeza kwa kikombe. Dumu la njano la lita 20 likijaa ni kilo 20 na kidogo, uzito ambao watoto wengi wa Afrika Mashariki wameujua vizuri kabla ya kuujua ubao wa darasani. Nilianza na dumu dogo la lita 5, nimelikumbatia kifuani kama mtoto anayelia. Uzito ule mbele unakuwa kama nanga: ukichuchumaa unakuzuia usianguke nyuma. Chini ya visigino niliweka ubao mwembamba wa katikati ya jora, ule tunaotupa kitambaa kikiisha.

Mazoezi yenyewe ni matano. Kuchuchumaa na dumu. Kuinama kwa nyonga, nitaeleza. Hatua ndefu ya kurudi nyuma mpaka goti likaribie chini. Kupanda na kushuka tofali mbili zilizopangwa. Na kubeba dumu kwa mkono mmoja kutembea uani bila kuuacha mwili uinamie upande wake. Kila moja mara 15, pumzika nusu dakika, raundi 3, siku 3 kwa wiki. Dakika 35 zinatosha.

Mara 15 zinaonekana rahisi mpaka ufike ya 11. Thomas DeLorme, daktari aliyewatibu askari majeruhi wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliandika mwaka 1945 kwamba mzigo mzito kwa mara chache hujenga nguvu, na mwepesi kwa mara nyingi hujenga ustahimilivu. Tafiti za baadaye zimeulegeza mpaka huo, na hata mzito una faida kwa ustahimilivu wa misuli. Lakini kazi yangu haitaki nguvu ya kuinua gunia mara moja. Inataka mgongo usiochoka kutoka saa 2 asubuhi hadi jioni. Mwepesi mara nyingi ndiyo nguo inayonitosha.

Siri moja ya dumu ambayo chuma hakina: likiwa nusu, maji yanacheza. Yanakwenda kushoto, unayafuata, yanarudi kulia. Dumu la lita 20 lenye lita 10 linachosha kiuno kuliko jiwe la kilo 10, jaribu uone.

4. Kushuka ndiko kunakofunza

Kigali ni mji wa vilima, karibu mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na sisi tuliotoka pwani tunauogopa upandaji kwa sababu ya pumzi. Lakini siku inayofuata, kinachouma ni kile ulichoshuka. Ukipanda, msuli wa mbele ya paja unafanya kazi ukijifupisha. Ukishuka, unafanya kazi ya breki huku unarefuka, na kazi hiyo ndiyo inayoacha yale maumivu yanayokuja kesho na kuwa makali zaidi keshokutwa. Habari njema ni kwamba msuli ukishushwa hivyo mara moja, mara ya pili hauumii kiasi kile hata ukifanya kazi ile ile.

Ndiyo maana dada alinikataza kushuka haraka nikiwa na dumu. Hesabu tatu kwenda chini, moja kukaa chini kabisa, kisha inuka kwa kasi yako. Ile moja ya chini ndiyo niliyoichukia. Pale ndipo nilipokuwa sina nguvu, na pale ndipo nilipokuwa nadanganya, nagusa na kuruka juu kama niliyekalia sindano. Alinifanya nikae chini hesabu mbili, kisha tatu, kisha tano. Kama kuna kitu kimoja kilichonirudishia nyonga zangu, ni zile hesabu tano za chini. Misuli ilijifunza kwamba huko chini pia ni nyumbani.

Mtihani wake ulikuja wenyewe. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Shule zilifungwa, barabara zikafungwa, na mimi nilikuwa na nguo za harusi za kupeleka. Nilitembea. Nilishuka kutoka Niboye na mfuko begani, nikapanda Kagarama, nikashuka tena, siku nne. Njiani nilisimama kutazama wale vijana wakipandisha mlima wa Nyanza, hapa hapa Kicukiro. Mbio za wanaume za siku ya mwisho zilikuwa kilomita 267.5, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Watu walitazama baiskeli, mimi nilitazama mapaja, maana fundi hupima kila kinachopita. Asubuhi baada ya siku ile ya kwanza niliinuka kitandani bila kushika ukuta.

5. Bibi wa umuganda na bawaba ya mlango

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi Rwanda nzima iko kwenye umuganda, kazi za pamoja za jamii, kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 5. Mtaani kwetu mara nyingi ni mtaro wa maji ya mvua: jembe, koleo, na maneno mengi. Kwa miaka nilikuwa mtu wa dakika 20. Napiga jembe, nasimama, nashika kiuno, natafuta mtu wa kuzungumza naye.

Mwezi mmoja nilipangwa karibu na bibi wa nyumba ya juu, mwanamke aliyevuka miaka 70 bila shaka. Alilima mfululizo. Nikamtazama kwa jicho la kazi yangu. Kitenge chake kilikuwa kimekunjamana mahali pamoja tu, nyongani. Mgongoni blauzi ilitulia kama imetoka kwenye pasi. Kisha nikaligusa shati langu mwenyewe: limevutika mgongoni mpaka mshono wa bega unalia. Yeye aliinama kwa nyonga, mimi niliinama kwa mgongo. Yeye alitumia makalio na nyuma ya mapaja, misuli mikubwa iliyoumbwa kwa kazi hiyo. Mimi nilitumia vile vimisuli vyembamba vya kiunoni ambavyo vilikuwa vimeshachoka tangu Jumatatu kwenye cherehani.

Nilimwambia, "Bibi, unalima vizuri kuliko sisi." Akacheka, akasema sisi watu wa mjini tunalima kama tunaotafuta sindano.

Zoezi la kuinama kwa nyonga ni hili. Simama hatua moja mbele ya ukuta, ukiupa mgongo. Shika mti wa ufagio nyuma yako uguse kisogo, kati ya mabega, na mwisho wa uti wa mgongo. Sasa sukuma makalio nyuma yaguse ukuta, magoti yamelegea kidogo tu, mti usiachane na sehemu zile tatu. Nyonga inafunga na kufungua kama bawaba ya mlango, mlango wenyewe haukunjiki. Ukiweza hivyo mara 15 bila mti kuondoka, weka mti chini, shika dumu. Utahisi nyuma ya mapaja inavutika huku inafanya kazi, na hapo ndipo niliposhika vidole vyangu vya miguu kwa mara ya kwanza tangu ujana, bila kuvitafuta.

Siku hizi namaliza umuganda. Bibi bado ananishinda.

6. Usibane pumzi

Fupi. Ukibana pumzi ukiinua mzigo, shinikizo la damu linapanda ghafla. Mimi langu si zuri: nililijua kwenye Car Free Day, ile siku ya Jumapili ambayo barabara za Kigali hufungwa magari ili watu wakimbie na kufanya mazoezi. Ilianza Mei 2016, siku hizi ni mara mbili kwa mwezi, na wahudumu wa afya hupima watu shinikizo na sukari pale pale. Vuta ukishuka, toa ukiinuka. Ukishindwa kukumbuka, hesabu kwa sauti. Mtu anayesema "kumi na mbili" hawezi kuwa amebana pumzi.

7. Msuli una haraka, kano hazina

Wiki ya tisa nilikuwa nimefika lita 8 na mapaja yanajisikia ya kijana. Nikaona aibu ya kukumbatia dumu lisilojaa mbele ya watoto. Nikajaza lile la lita 20 na kupanda nalo tofali. Wiki mbili nilijisifu. Ya tatu nikaamka na maumivu juu ya kisigino cha kushoto, pale kano nene inaposhikana na mfupa, nikachechemea hadi dukani.

Dada hakunionea huruma. Akaniambia misuli hupokea damu nyingi na hujengeka kwa wiki, kano hupokea kidogo na huhitaji miezi. Msuli unakuambia twende, kano inakuja nyuma na mizigo. Nilidhani ataniambia nipumzike kabisa, lakini alinirudisha kwenye lita 5 na kunipa kazi ya kuinuka kwa vidole na kushuka polepole, mara 15, kila siku ya pili. Ilichukua karibu miezi mitatu. Tangu hapo sheria yangu ni lita 1 kwa wiki mbili, na nikiumwa jino au nikikosa usingizi siongezi.

Kisha ukaja Ramadhani ya 2025. Nilifanya siku mbili tu kwa wiki, baada ya futari, raundi 2. Niliogopa nitapoteza kila kitu. Sikupoteza kitu, chaki ukutani ilibaki pale pale. Shirika la Afya Duniani linataka mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na sasa naamini hawakuitupa tu namba hiyo.

Neno kwa anayeumwa: mimi ni fundi wa nguo. Ganzi inayoshuka mguuni, maumivu yanayokuamsha usiku, kifua kubana, hayo peleka hospitali, usiyaletee dumu.

8. Yaliyobaki

Kifundo cha kulia sasa ni sentimita 9, cha kushoto 9 na nusu. Nachuchumaa dakika 3 nikipinda upindo wa gauni kwa pini, mteja amesimama, badala ya kumpandisha mezani. Nyonga ya kushoto bado ni mkaidi, na asubuhi za baridi vidole vya mguu wa kulia hulalamika kwenye tahiyatu. Lakini naswali chini. Kile kiti cha plastiki kipo dukani, wateja wanakikalia.

Tulianza wawili, mimi na mwanangu aliyekuja kunicheka. Sasa tuko sita: motari wawili wenye migongo mibaya kuliko yangu, mwalimu mmoja, mama wa duka la mboga, na sisi. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi saa 12 asubuhi tunakuwa uani kwangu, isipokuwa Jumamosi ya umuganda. Ukiwa Niboye, karibu. Njoo na dumu lako, mimi nina mawili tu.